Peni ya Themanini na Mbili Inayolia

Kazi hii niliianza Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi kule Batha, Riyadh. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, daftari jipya lenye kufuli, na haya ambayo Mama alisema itanipita na haijanipita bado. Sasa nina miaka kumi na saba na nastaafu. Cheka, Maua mdogo wangu, lakini mtu aliyekaa meza moja miaka minne, kila siku baada ya shule, akipekua mifuko ya watu asiowajua, ana haki ya kulitumia neno hilo. Baba amesema meza itakuwa yako. Nakuandikia kwa kuwa kwa mdomo najua nitaruka sehemu.

Kazi yenyewe ililetwa na serikali, ukitaka kusema hivyo. Mwaka huo noti ya riyali moja ilianza kugeuka chuma. Watu waliozoea kukunja noti wakaanza kubeba sarafu, mifuko ikawa mizito, na sarafu zikawa zinaingia na suruali kwenye mashine. Baba, ambaye ndiye fundi wa mashine, alikuwa anafungua chujio mara tatu kwa wiki na kutoa vyuma kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Bosi akamwambia tafuta mtu wa kukagua mifuko. Mama alikuwa zamu hospitalini mchana, mimi sikuruhusiwa kukaa nyumbani peke yangu, basi mtu akapatikana.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha Anti Nekesa, mpiga pasi, mwanamke wa Bungoma mwenye mikono mirefu na redio ndogo ya nyimbo za kanisani aliyoifungulia chinichini. Hakunikaribisha kwa maneno mengi.

"Wewe ndiye wa fundi?"

"Ndiyo."

"Haya, tia mkono kwa mfuko. Si huo wako, mama. Wa suruali."

Niligusa suruali ya mtu nisiyemjua kwa ncha za vidole. Akaninyang'anya.

"Ona. Jinzi iko na mfuko ndani ya mfuko. Hako kadogo. Wanaume huweka kitu hapo, halafu wanasahau hata kama walikificha wao wenyewe. Kanzu iko na mfuko wa kifuani na wa ubavuni. Koti usiliamini kabisa. Ukimaliza, pindua yote nje ndio nijue umemaliza. Ukiniletea nguo mfuko haujapinduliwa, nakurudishia kwa kichwa."

Hilo ndilo somo la kwanza na bado ndilo kubwa. Kila nilichokitoa nilikitia kwenye kijaluba cha plastiki chenye namba ya tikiti ya mteja. Kitambaa, dawa ya meno, barua, jino la dhahabu mara moja. Lakini sarafu ndizo zilizonishika. Mimi huwa sina la kumwambia mtu, na sarafu haikuulizi habari za nyumbani.

Baba alinipa chombo cha kwanza: sumaku ya duara aliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Nayo nikagundua kwamba chuma kinadanganya. Halala kumi ya zamani, senti ya hapa, yenye mwaka wa Hijria peke yake kwa tarakimu za Kiarabu, huwa haishiki sumaku. Halala moja mpya inang'aa rangi ya shaba kama pete ya bibi harusi, ukiisogezea sumaku inaruka: chuma kilichopakwa. Peni ya Mwingereza ni hivyo hivyo. Za miaka ya nyuma ni shaba kweli, zilizokuja baada ya mwaka tisini na mbili zinarukia sumaku, na sura ya malkia ni ile ile, hata hafumbi jicho. Shilingi zetu wenyewe hazina afadhali. Tangu hapo sikuamini rangi ya kitu chochote. Niliandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa: USIULIZE INAFANANA NA NINI. ULIZA INAFANYA NINI. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijiona nimegundua jambo.

Nilikuwa tayari na tabia ya kushuku, sumaku ikaipa leseni. Nilishuku wateja, nilishuku dereva wa kuleta nguo, nilishuku mizani ya duka la viungo ambayo Baba aliniazimia mpaka nilipoipima kwa sarafu mpya na kuikuta haina kosa. Anti Nekesa aliniambia, "We Siti, wewe hata kivuli chako unakiulizia ikama," kana kwamba kivuli nacho kinahitaji kibali cha kuishi hapa.

Kisha bosi akafungua duka kubwa Jeddah, Al-Mahjar, akatuhamisha sisi na Anti Nekesa. Mama akapata zahanati huko. Wewe Maua ulilia njia nzima kwenye basi, usikatae, nimeandika.

Jeddah ilikuwa chuo kikuu. Wanaokwenda na kurudi Umra hufikia kwa ndugu zao Al-Mahjar, nguo zao zinakuja kwetu, na mifukoni mwao mna dunia nzima. Ndipo nilipokutana na peni za Amerika, na peni za mwaka elfu moja mia tisa themanini na mbili hasa. Nakueleza kwa makini kwa sababu utaulizwa.

Mwaka huo Waamerika walikuwa wamechoka na shaba. Katikati ya mwaka wakabadili: wakaanza kutengeneza peni za zinki zilizopakwa shaba kwa juu tu. Kwa hiyo peni za themanini na mbili ni za aina mbili za madini, na kwa macho hazitofautiani. Sumaku haisaidii, zote zinaikataa. Hata tarakimu zimegawanyika: kuna mwaka mkubwa na mwaka mdogo, tazama 2 kwa kioo cha kukuzia, ya mwaka mdogo ina shingo iliyopinda, ya mwaka mkubwa imenyooka. Lakini shingo haikwambii madini. Mizani inakwambia: ya shaba ni gramu tatu na kidogo, ya zinki ni mbili na nusu. Kama huna mizani, iangushe juu ya kigae. Ya shaba inalia kama kengele ya mbuzi iliyo mbali. Ya zinki inasema *tak*, basi.

Na sisi wa dobi tuna kipimo cha tatu ambacho hukisikii kwa wengine. Peni ya zinki ikiingia mashineni na maji ya moto na jiki, dawa inapenya penye mkwaruzo na kuila ndani. Inatoka na vipele, kama ngozi ya mtoto mwenye surua. Ya shaba inatoka nyekundu imetakata, kama iliyosuguliwa kwa ndimu, lakini ngozi yake ni laini. Baba alinionyesha hili kwa sarafu za chujioni, akisema, "Mashine inaweka sahihi yake." Likumbuke neno hilo, litarudi.

Sarafu za chujioni zilikuwa na sheria yake. Bosi ni mtu wa dini: kilichookotwa na mwenyewe hajulikani kinangoja mwaka mzima. Basi kila mwezi ulikuwa na mkebe wake, una jina, Rajabu, Shaabani, kwenye droo yangu. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Mwaka ukitimia, za hapa zilikwenda sadaka, na za kigeni zisizotumika nilipewa ruhusa ya kuchagua moja moja kwa albamu yangu. Miaka mitatu nilitafuta themanini na mbili inayolia. Zote zilisema *tak*.

Sheria nyingine hakuna aliyeitunga. Zamani adhana ikitoka, duka lilifungwa. Bosi alizima taa za mbele, mashine zikasimamishwa, na mimi, kabla ya giza, nilikuwa nafunga meza: vijaluba vya wateja vibanwe, mikebe irudi droo, meza ibaki tupu kabisa. Mara nne kwa siku duka lilikuwa hivyo, na zamu yangu iliangukia mbili. Sikuwahi kufikiri kwamba ni njia ya kazi. Niliona ni taa kuzimwa.

Kisha maduka yakaruhusiwa kubaki wazi wakati wa swala. Wanaume wakawa wanaswali kwa zamu, mashine zinazunguka. Hakuna aliyezima taa, na hakuna aliyeniambia funga meza.

Sasa nafika kwenye ile wiki ambayo kwa mdomo ningeiruka.

Jumatatu alikuja Mzee Bakari, mtu wa Malindi aliyefanya kazi kiwandani Amerika mpaka akazeeka huko. Alikuwa amemaliza Umra, amefikia kwa mpwa wake nyuma ya msikiti wetu, na ndege yake ilikuwa Alhamisi mchana. Alileta kanzu mbili, shuka za ihramu, na ule mkanda wa ihramu wenye vijifuko vya zipu. Alifurahi kupata mtu wa Kiswahili. Mimi nilitazama meza. Kwenye mkanda nilitoa ufunguo mdogo na peni tatu, nikaziweka kwenye kisahani. Tikiti mia mbili kumi na nne.

Pembeni ya kisahani nilikuwa nimemwaga mkebe wa Rajabu wa mwaka uliopita, uliotimiza mwaka wake asubuhi ile.

Adhana ya alasiri ikatoka. Taa hazikuzimwa. Baba akaita, "Siti! Njoo unishikie tochi, mashine ya pili inavuja!" Nikaenda. Niliporudi mikono ina maji, nikakusanya.

Jumanne jioni Mzee Bakari alikuja kuchukua nguo. Nikampa kijaluba chake. Akatoa peni moja, hakuitazama hata mwaka, akaiangusha juu ya kaunta.

*Tak.*

"Hii si yangu, mjukuu wangu."

"Ni ya themanini na mbili, babu," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya kujisemesha.

"Mwaka ni huo. Pesa siyo. Yangu inalia." Akaiangusha tena, kama daktari anayegonga kifua mara ya pili kwa heshima. "Siku ya kwanza kule nilinunua chai, baridi hiyo usiseme, nikarudishiwa peni. Nilikuwa na ile peni na anwani ya mtu ambaye hakufungua mlango. Nimekaa nayo mfukoni mpaka leo. Marehemu mke wangu akiipigisha mezani kuniita chakula. Naijua sauti yake, mwanangu. Hii imekufa."

Bosi alikuwa amesimama nyuma yake. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya kwake. Akamwomba mzee arudi kesho kutwa asubuhi kabla ya safari, kisha akanigeukia. "Nani hapa anajua tofauti ya hizi?"

"Mimi," nikasema, "na Anti Nekesa."

Ilikuwa kweli. Nilimfundisha mwenyewe, na yeye aliwahi kuniuliza, "Na hii inayolia, wanapenda ile sana, eh?" Ningeishia hapo. Lakini shuku yangu ilikuwa na mzigo imeubeba tangu Ijumaa, ikautua.

"Na nilimwona Ijumaa, Balad, kule sokoni mji wa kale, kwenye meza ya muuza sarafu za kale."

Unaweza kuuliza, Maua, kwa nini sikufikiri papo hapo juu ya albamu yangu. Nilifikiri. Nilifikiri kwa muda wa pumzi moja. Jumatatu ile ile jioni nilikuwa nimeangusha peni kwenye kigae cha jikoni ikalia, hatimaye, baada ya miaka mitatu, na wewe ukapiga makofi. Lakini nikajiambia: ile imetoka mkebe wa Rajabu, niliichukua kwa mkono wangu. Nikaifunga ile pumzi. Niliyeshuku mizani ya viungo sikujipima mwenyewe.

Jumatano bosi alimwita Anti Nekesa mbele ya mashine. Ikama yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. "Sitaongeza," alisema. "Dobi ni amana. Amana ikipasuka, halas, imekwisha. Utapewa tikiti ya nyumbani."

Anti Nekesa alizima pasi kwanza. Ana kijana Bungoma, kidato cha pili, picha yake imebandikwa ukutani juu ya ubao wa pasi mpaka mvuke umeikunja pembe. Akanitazama mimi, si bosi.

"Siti. Uliniona kwa yule mzee wa sarafu?"

"Ndiyo."

"Na uliniuliza nilikuwa nafanya nini pale?"

Nikatazama mashine ikizunguka.

"Anauza pia betri za saa," akasema. Akainua mkono, saa yake ikawa inatembea. "Haya." Akawasha pasi akaendelea na kanzu aliyokuwa nayo, ukosi kwanza kama kawaida.

Nyumbani, baada ya magharibi, nilikaa na daftari kuandika ushahidi dhidi yake. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa: Ushahidi. Niliichukua ile peni ya *tak*, ambayo mzee aliikataa, nikaitia chini ya kioo ili niandike shingo ya 2 yake.

Nyuma ya kichwa cha rais aliyechorwa juu yake kulikuwa na vipele. Vitatu vikubwa na vidogo vingi, kama surua.

Sahihi ya mashine. Na vitu vya Mzee Bakari nilivitoa kabla ya mashine. Peni ile ilikuwa imepita maji ya moto na jiki. Ilikuwa imetoka chujioni, na ya chujioni ilikuwa mkebeni, na mkebe ulikuwa drooni, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwangu. Anti Nekesa hakuwahi kuugusa.

Nikatoa albamu. Yangu ilikuwa kahawia iliyokolea, laini, kingo zimelika kama sabuni ya mwisho. Ingekuwa imepita mashineni ingetoka nyekundu. Nilikuwa nimeitazama siku tatu kwa furaha na sikuona. Kahawia ile haitoki chujioni. Inatoka mfukoni mwa mtu mmoja, kwa jasho lake, miaka mingi.

Nikafungua ukurasa wa Jumatatu, kwa mwandiko wangu: "Adhana, lakini hatukufunga. Nimemshikia Baba tochi. Sikufunga meza, nikakusanya tu. HATIMAYE 1982 INAYOLIA!!!" Alama za mshangao ni tatu. Nimezihesabu.

Wewe ulikuwa mlangoni na mkate. "Ipigishe tena, Siti," ukasema.

Nikasema hapana, nenda kalale, na giza lilikuwa halijakolea. Samahani kwa hilo.

Nilimwambia Baba jikoni. Alisikiliza yote. Akasema, "Kesho nitazungumza na bosi kwa niaba yako, unajua wewe huwezi kusema mbele za watu." Ilikuwa zawadi, na niliitaka sana. Nikamwambia nilisema mbele za watu Jumanne, na nilisema vizuri tu.

Asubuhi ya Alhamisi niliamka kabla ya saa ya simu. Tulifika dukani saa moja, Baba na mimi, na Mzee Bakari alikuwa tayari yupo kwenye kiti cha wateja, ameshavaa koti la safari. Bosi kwenye kaunta. Anti Nekesa mlangoni mwa chumba cha nyuma, na dereva, na wateja wawili wa kiume nisiowajua. Nikaenda mpaka kwenye kaunta nikaangusha peni.

Ililia. Mzee Bakari alifumba macho, akaacha mkono wake wazi juu ya kaunta mpaka ikamaliza kuzunguka na kulala.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Kisha nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti ambayo dereva aliisikia, kwamba peni ilikuwa kwangu, kwenye kitabu changu. Kwamba niliichanganya mwenyewe na kuichukua mwenyewe. Kwamba Anti Nekesa hana ufunguo na hajawahi kuwa nao. Na kwamba nilichosema juu ya Balad nilikisema bila kumuuliza. Nilikosea neno moja la Kiarabu, yule mteja mmoja akacheka, nikalirudia vizuri. Nikaweka juu ya kaunta ule ufunguo, sumaku ya Baba na albamu yote.

Bosi hakusema samahani kwa mtu. Alitoa simu yake, kwa kuwa siku hizi ikama inaongezwa kwa simu, akabonyeza kwa kidole kimoja huku midomo inasoma, akaigeuza skrini kumwelekea Anti Nekesa. Yeye akaisoma mpaka mwisho, pole pole, tarehe na yote, kabla ya kutikisa kichwa kukubali.

Albamu bosi alinirudishia. Ufunguo sikuuchukua. Hakunifukuza, Maua, na ukisikia nilifukuzwa si kweli. Ulikuwa umebaki mwezi kabla ya kwenda Mombasa chuoni na ningeweza kuumaliza. Lakini meza ile nimeiacha tupu, na sheria ya kwanza uandike ukutani kabla ya kukaa: adhana ikitoka, funga meza, taa ziwe zimezimwa au zinawaka.

Mzee Bakari akaondoka na kanzu zake. Nikaingia chumba cha nyuma. Kulikuwa na rundo la shuka za nyumba ya wageni, na shuka hukunjwa na watu wawili, mmoja peke yake zinaburura sakafuni. Anti Nekesa alikuwa ameshika ya kwanza, ncha mbili, na nyingine mbili zimening'inia.

Nikazishika. Tukakunja ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, tukikaribiana na kuachana, na hakunitazama usoni. Nilitaka kusema. Kila tulipokaribiana nilitaka kusema, na kila mara akachukua ncha zangu akanipa mgongo. Ilikuwa ya tisa, au ya kumi, nilipolegeza mkono.

"Vuta kona yako," akasema.

Nikavuta.